Wiki ya 28

Sheria ya Kenya inamtambua mtoto aliyezaliwa mfu, na imemtambua kwa karibu miaka mia moja. Iko kwenye Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 149, ambayo unaweza kuisoma bure kwenye simu ukiwa umekwama kwenye jamu ya Ruiru. Ni sheria ya mwaka 1928. Inapoeleza maana ya kuzaliwa, inasema ni mtoto kutoka kwa mama yake baada ya wiki ya 28 ya mimba, awe hai au awe amekufa.

Awe hai au awe amekufa. Yaani mtoto wa miezi minane ambaye hakulia, mbele ya sheria, amezaliwa.

Sasa linganisha na lugha yetu ya mtaani. Hapa Thika, mama akipoteza mtoto siku ya kujifungua utaskia "mimba iliharibika," hata kama mimba ilikuwa imekamilika na begi la hospitali lilikuwa limepangwa wiki tatu mlangoni. Utaskia "haikuwa riziki." Utaskia "wewe bado ni msichana, utapata mwingine." Jioni majirani wanakuja, wanakunywa chai, wanaongea kuhusu bei ya unga, wanaenda. Hakuna matanga. Hakuna kamati ya mazishi, hakuna grupu ya WhatsApp ya kuchanga. Nchi ambayo humchangia hata jirani wa jirani akifa, hapa inanyamaza.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na sasa naandika kwa kulipwa makala kwa makala, kwa hivyo sina cheo cha kunifanya mtaalamu wa jambo hili. Nina simu, nina muda wa usiku, na nina familia iliyonipa sababu ya kuuliza. Nimesoma sheria, ripoti na historia kiasi nilichoweza, nikitaka kujua kimya hiki kilitoka wapi. Na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba kuzuia vifo hivi na kuwafariji waliofiwa si kazi mbili. Ni kazi moja, na inaanza na swali moja: mtoto huyu alikufa kwa nini? Mahali ambapo swali hilo haliulizwi, mtoto wa kesho anakufa kwa sababu ileile, na mama wa leo anaenda nyumbani akijilaumu.

Nambari iliyokuja na meli

Kwa nini wiki ya 28? Nambari hiyo haikutoka hapa. Mwaka 1926 bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kusajili watoto waliozaliwa wafu, na ikaanza kufanya kazi Julai 1927. Kabla ya hapo, mtoto mfu kule angeweza kuzikwa bila kusajiliwa, na kulikuwa na hofu kwamba watoto waliouawa walikuwa wanazikwa kwa kisingizio kwamba walizaliwa wafu. Wiki 28 ndipo madaktari wa wakati huo waliposema mtoto anaweza kuishi nje ya tumbo. Mwaka mmoja baadaye, koloni la Kenya likawa na sheria yake.

Kwa hivyo tusiifanye sheria ile kuwa ya huruma. Ilizaliwa kutokana na hofu ya uhalifu na hamu ya takwimu. Tena kwa muda mrefu haikuwa inatuhesabu sisi. Usajili hapa ulianza na Wazungu mwanzoni mwa karne ya 20, kisha Wahindi. Kwa Waafrika, usajili wa lazima ulisambazwa eneo kwa eneo na ulifika nchi nzima mwaka 1971, miaka minane baada ya uhuru. Mtoto mfu wa Gatanga au Gatundu wa mwaka 1950 alikuwa kwenye maana ya sheria lakini hakuwa kwenye kitabu chochote.

Waingereza wenyewe walibadilisha nambari yao mwaka 1992, wakaishusha hadi wiki 24, kwa sababu tiba ilikuwa imesonga na watoto wadogo zaidi walikuwa wanaishi. Yetu imebaki 28. Shirika la Afya Duniani nalo hutumia 28 linapolinganisha nchi na nchi, kwa hivyo hatuko peke yetu. Lakini maana yake ni kwamba mtoto wa wiki 26 akifia tumboni London anasajiliwa, na akifia tumboni Makongeni haingii kwenye hesabu.

Na hiyo si hesabu pekee ambayo watu wa hapa wanaishi nayo. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafi'i, ambayo ndiyo ya Waswahili wengi wa pwani, mimba iliyofikisha miezi minne ikitoka, mtoto huoshwa, hukafiniwa na kuzikwa hata kama hakuonyesha dalili ya uhai. Familia inapewa kitu cha kufanya kwa mikono. Kwa Wakatoliki, kwa karne nyingi swali lilikuwa kuhusu mtoto aliyekufa kabla ya kubatizwa. Mafundisho ya zamani yalimweka pembeni, mahali pasipo mateso wala mbingu. Ni Aprili 2007 tu ambapo tume ya wanateolojia wa Vatikani ilitoa waraka kusema kuna sababu za kutumaini kwamba watoto hao wameokolewa. Fikiria mama wa Mang'u, ambako wamisionari wa Kikatoliki walifika mwanzoni mwa karne iliyopita. Fikiria aliishi miaka mingapi na jibu lile la kwanza.

Jina linalongoja

Jomo Kenyatta aliandika mwaka 1938, katika kitabu chake *Facing Mount Kenya*, kwamba kwa Wagikuyu mtoto wa kiume akizaliwa hupigiwa vigelegele mara tano na wa kike mara tatu. Kijiji kizima kilihesabu kutoka mbali kikajua. Ukifikiria vizuri, kijiji kilijua pia pale ambapo hakikuskia kitu.

Shosho yangu anakumbuka. Alizaa watoto wanane, wanaoishi ni sita. Wote wanane aliwazaa nyumbani, mkunga akiwa jirani. Anasema mtoto asipolia, wanawake ndio walioshughulika. Walimzika siku hiyohiyo, na mama hakuonyeshwa, "ili moyo usimshike." Wanaume waliambiwa baadaye kwa sentensi moja. Nilimuuliza kama alijua yule wa pili alizikwa wapi. Akaniambia, "Najua upande. Sijui mahali."

Kisha akaniambia kuhusu jina. Kwetu, mvulana wa kwanza huitwa jina la baba ya baba yake. Yule ambaye hakulia alikuwa mvulana wa kwanza. Jina lilikuwa lake kabla hajazaliwa, kila mtu alishalijua. Alipokufa, jina halikuzikwa naye. Lilingoja miaka miwili, likapewa baba yangu.

Sikuwahi kujua. Nimetumia jina hilo maisha yangu yote kama jina la baba, na kumbe kuna mtu aliyelitangulia. Shosho hakusema kwa machozi. Alisema kama mtu anayesahihisha hesabu.

Nasema haya kwa sababu kuna watu hupenda kudai kwamba zamani Waafrika hawakuwalilia watoto kama hawa, kwamba ilikuwa jambo la kawaida, kwamba huzuni hii ni mambo ya kisasa. Mimi naona kitu tofauti. Kulikuwa na utaratibu wa kumkinga mama kwa kumnyima taarifa. Utaratibu huo haukuisha watu walipoanza kuzaa hospitalini. Ulibadilisha tu mikono, kutoka kwa wanawake wa kijiji hadi kwa wafanyakazi wa wodi.

Hospitali za uzazi zenyewe ni za karne moja tu. Pumwani ya Nairobi, ambayo ndiyo mama yao zote, ilifunguliwa mwaka 1926 ikiitwa Lady Grigg, jina la mke wa gavana. Unaona miaka ilivyokaribiana: hospitali 1926, sheria 1928. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeanza kuhesabu matumbo, kwa sababu shamba na reli zinahitaji watu.

Mkutano wa Nairobi

Ruka hadi Februari 1987. Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa kimataifa ulioanzisha mpango wa Uzazi Salama, ukiungwa mkono na Benki ya Dunia na Shirika la Afya Duniani. Lengo lilikuwa kupunguza vifo vya akina mama kwa nusu ifikapo mwaka 2000. Miaka miwili kabla, Allan Rosenfield na Deborah Maine walikuwa wameandika kwenye jarida la *The Lancet* wakiuliza: katika hii miradi yote inayoitwa ya mama na mtoto, mama yuko wapi? Miradi ilikuwa inachanja watoto na kupima uzito wao, huku mama akifa kwa kutokwa na damu. Waliuita huo msiba uliopuuzwa.

Walikuwa sahihi, na dunia iliwaskia. Lakini mama alipoingia kwenye picha, kuna mtu alibaki nje. Malengo ya Milenia ya mwaka 2000 yalikuwa na lengo la nne, watoto wa chini ya miaka mitano, na lengo la tano, afya ya uzazi. Mtoto aliyekufa dakika kumi kabla ya kutoka hakuwa kwenye lengo la nne, kwa sababu hakuwahi kupumua. Mama yake akiwa mzima, hakuwa kwenye kifo cha kuhesabiwa cha lengo la tano. Kwa takwimu za dunia, siku ile hakuna kilichotokea. Malengo mapya ya 2015 yalirudia jambo hilohilo: yanataja watoto wachanga, yanataja akina mama, hayamtaji aliyezaliwa mfu.

Waliomrudisha kwenye hesabu ni watafiti na wazazi waliofiwa. *The Lancet* ilitoa mfululizo wa makala mwaka 2011, na mwingine 2016. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walizindua Mpango wa Kila Mtoto Mchanga, wenye lengo kwamba ifikapo 2030 kila nchi iwe na watoto wafu 12 au chini ya hapo kwa kila 1,000 wanaozaliwa. Mwaka 2020 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalitoa kwa mara ya kwanza ripoti yao ya pamoja kuhusu watoto hawa. Karibu milioni 2 kwa mwaka. Mmoja kila sekunde 16. Watatu kati ya kila wanne wako Afrika kusini mwa Sahara na kusini mwa Asia. Na ripoti hiyo ilipewa jina gani? Msiba uliopuuzwa. Maneno yaleyale ya 1985, miaka 35 baadaye, sasa yakimhusu mtoto.

Neno moja kwenye kitabu cha wodi

Ndani ya ripoti hiyo kuna sehemu ambayo mimi siwezi kuisahau: zaidi ya asilimia 40 ya watoto hawa hufa wakati mama yuko kwenye uchungu. Hawakufa wiki iliyopita. Mama alifika leba mtoto akiwa hai.

Hospitali zetu zinajua tofauti hiyo, na huiandika. Kwenye kitabu cha wodi ya uzazi, mtoto mfu huwekwa kwenye moja ya makundi mawili. Kuna yule ambaye ngozi yake imeanza kuchubuka, maana yake alikufa tumboni muda kabla ya uchungu. Na kuna yule wanayemwita kwa Kiingereza *fresh*, ambaye mwili wake ni mzima kabisa, ngozi laini, kana kwamba amelala. Huyo wa pili kwa kawaida amekufa saa chache zilizopita. Kila alama inayowekwa kwenye safu yake ni swali kwa hospitali: alipoanza kuchoka, nani alikuwa anaskiza moyo wake?

Kuskiza moyo si teknolojia ngumu. Kijipembe ambacho wakunga wa Kenya bado wanakiweka juu ya tumbo kilitengenezwa na daktari Mfaransa, Adolphe Pinard, mwaka 1895. Hakihitaji stima. Kinahitaji mtu mwenye nafasi ya kuinama kila nusu saa.

Kifaa cha pili kilitoka Afrika. Mwaka 1972, Robert Philpott na mwenzake Castle, waliokuwa wakifanya kazi Hospitali ya Harare katika nchi iliyokuwa bado ikiitwa Rhodesia, walichapisha patografu: karatasi moja yenye mistari inayoonyesha uchungu unaendelea vipi. Kuna mstari wa tahadhari, na saa nne mbele kuna mstari wa kuchukua hatua. Waliitengeneza kwa ajili ya wakunga wa zahanati za mbali, ili wajue ni wakati gani wa kumpeleka mama hospitali kubwa kabla ya mambo kuharibika. Shirika la Afya Duniani lilipoijaribu kwa zaidi ya akina mama 35,000 kusini-mashariki mwa Asia, matokeo yaliyochapishwa mwaka 1994 yalionyesha watoto waliokufa wakati wa uchungu walipungua kutoka asilimia 0.5 hadi 0.3. Ni karatasi na kalamu, lakini pia ni mtu wa kuzijaza na gari la kumbeba mama mstari ukivukwa.

Sera inaweza pia kuua polepole bila mtu kukusudia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, nchi maskini zilishauriwa kupunguza kliniki za wajawazito hadi nne, kufuatia utafiti mkubwa wa mwaka 2001 uliosema nne zinatosha. Kenya ilifuata. Kizazi kizima cha mama zetu kiliambiwa nne. Mwaka 2013 watafiti waliirudia data ileile wakakuta kwamba waliokwenda mara chache walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kupoteza mtoto, hasa kati ya wiki ya 32 na 36, ile miezi ambayo ratiba iliacha pengo. Mwaka 2016 ushauri ukabadilishwa: mara nane. Presha ya mimba, kaswende, mtoto asiyekua vizuri, yote haya hujificha kwenye pengo kama lile. Lakini hata nne hazijatimia: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 66 ya akina mama ndio waliofikisha kliniki nne au zaidi.

Milango ilifunguliwa, vitanda ni vilevile

Juni mosi 2013, sikukuu ya Madaraka, Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba kujifungua kwenye hospitali za umma ni bure. Serikali ikaahidi kulipa shilingi 2,500 kwa kila uzazi kwenye vituo vya afya na 5,000 kwenye hospitali. Mpango huo baadaye ukawa Linda Mama chini ya NHIF, na tangu Oktoba 2024 mambo yamehamia SHA. Mabadiliko ni makubwa ukitazama nambari. Mwaka 2008 na 2009, asilimia 43 ya watoto walizaliwa hospitalini. Mwaka 2014, asilimia 61. Mwaka 2022, asilimia 82.

Sitaki kuidharau hatua hiyo. Shosho angeipata, labda ningekuwa na baba mkubwa. Lakini mwaka huohuo wa 2013 ndio afya ilihamia kaunti, na wodi hazikuongezeka kwa kasi ya tumbo. Thika Level 5 haipokei watu wa Thika peke yake. Inapokea wa Gatanga na Kakuzi upande wa Murang'a, na wa upande wa Machakos. Mkunga mmoja akiwa na akina mama watano kwenye uchungu, kijipembe cha Pinard hakiwezi kuwafikia wote kila nusu saa. Hiyo ni hesabu tu, si tabia mbaya ya mtu.

Halafu kuna migomo. Madaktari wa nchi nzima walikaa nje siku 100 kuanzia Desemba 2016. Wauguzi wakafuata 2017, karibu miezi mitano. Madaktari tena 2024, siku 56. Na mwaka 2025 ikawa zamu ya kaunti yetu: madaktari wa Kiambu waligoma kuanzia mwisho wa Mei hadi Oktoba. Chama cha madaktari na serikali ya kaunti walibishana hadharani kuhusu idadi ya watoto wachanga waliokufa katika miezi hiyo. Mimi kilichonishika ni mabishano yenyewe. Tulikuwa tunabishana kuhusu idadi ya maiti. Kama kila mtoto angekuwa na jalada lake, lililofunguliwa na kujibiwa, tungebishana kuhusu nini?

Likizo ni ya nani

Binamu yangu alikuwa akifanya kazi kiwandani kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Wiki ya 38 alienda kujifungua. Kuna saa ambayo alimuuliza muuguzi, "Sista, mbona mmenyamaza?" Jibu lilikuja baadaye: "Pole mama. Tulijaribu." Hilo ndilo maelezo yote aliyopata. Usiku huo alirudishwa kwenye wodi ya waliojifungua, kitanda kimoja watu wawili, na mwenzake alikuwa na mtoto. Siku ya tatu maziwa yakaja. Hakuna aliyemwambia yatakuja. Alidhani mwili wake unamcheka.

Alipopiga simu kazini kuuliza kuhusu likizo, msimamizi hakuwa mkali. Alishangaa tu. "Lakini si ile likizo ni ya kunyonyesha?" Alirudi baada ya wiki mbili, nguo zimewekwa tishu ndani.

Sasa soma Sheria ya Ajira ya 2007, sehemu ya 29. Inampa mwanamke likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa malipo kamili, na baba wiki mbili. Haisemi mtoto lazima awe hai. Lakini pia haimtaji mtoto mfu, kwa hivyo jibu linabaki mikononi mwa bosi na mtu wa ofisi ya wafanyakazi. Kwa mwajiriwa wa benki huenda ikawa sawa. Kwa kibarua wa Thika, kimya cha sheria ni ruhusa ya kumwita arudi.

Majirani waliandika. Sheria ya ajira ya Uganda ya 2006 inampa baba siku nne mke wake akijifungua au mimba ikitoka, yaani ilikumbuka kwamba hata yeye ana la kukaa nyumbani. Tanzania, kwa sheria ya 2004, inampa mama siku 84, na akifiwa na mtoto ndani ya mwaka mmoja tangu kuzaliwa anaongezewa 84. Afrika Kusini inasema wazi: aliyezaa mtoto mfu ana wiki sita. Unaweza kusema wiki sita ni chache. Lakini mwanamke wa Durban hahitaji kumweleza msimamizi kwenye simu kwamba naye amezaa.

Na mwili wa mtoto? Septemba 2018, Mike Sonko, akiwa gavana wa Nairobi, aliingia Pumwani ghafla, na nchi ikaona picha za maboksi yenye miili 12 ya watoto wachanga. Kulikuwa na hasira, wakubwa wa hospitali wakasimamishwa kazi, siku chache tukahamia habari nyingine. Tulishtukia boksi. Hatukuuliza kama mama yeyote kati ya wale 12 alikuwa ameulizwa anataka kumwona mtoto wake, kumshika, kumpa jina, kumzika.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, wa Kenya na Uganda, uliwaskiza wazazi waliopitia haya, akina baba pia. Wanaeleza habari iliyotolewa kwa ukavu, na kuachwa peke yao wakati walihitaji mtu. Nilipousoma niliskia sauti ya binamu yangu, na nyuma yake ya shosho. Watu kama Wanjiru Kihusa, aliyeanzisha Still A Mum hapa Kenya baada ya yeye mwenyewe kupoteza, wamekuwa wakifanya kazi hii ya kukaa na waliofiwa huku wengine wetu tukitafuta neno la kusema.

Swali moja, watu wawili wa kujibiwa

Jambo la kushangaza ni kwamba swali tayari limeandikwa kwenye sera. Tangu 2016 Kenya ina mwongozo wa kufuatilia vifo vya akina mama na vya watoto wanaokufa karibu na kuzaliwa. Wazo lake ni rahisi: mtoto akifa, hospitali ikae chini, ifungue jalada, iulize nini kilitokea saa ngapi, na nini kingeweza kubadilishwa. Si kutafuta wa kufunga. Ni kujua kama damu haikuwepo, kama gari lilichelewa, kama chumba cha upasuaji kilikuwa na mtu mwingine, kama mkunga alikuwa peke yake.

Kwenye mkutano huo kuna mtu hayupo. Mama. Yeye ndiye alikuwa pale tangu mwanzo, anajua mtoto aliacha kucheza lini, anajua alingoja saa ngapi kwenye benchi. Na yeye ndiye anayehitaji jibu kuliko mtu yeyote, kwa sababu bila jibu atajaza mwenyewe: nilibeba maji, niligombana na mama mkwe, nililala vibaya, nililogwa.

Kwa hivyo ningependa mambo manne, na hakuna hata moja la ndoto. Sehemu ya 29 iongezewe sentensi moja inayosema miezi mitatu ni ya kila aliyezaa baada ya wiki ya 28, mtoto awe hai au awe amekufa. Maneno yapo tayari, ni ya kunakili kutoka Sura ya 149. Kila hospitali yenye wodi ya uzazi iwe na kitanda kimoja mbali na vilio vya watoto, hata kama ni pazia na kona. Mama aulizwe, kwa upole na zaidi ya mara moja, kama anataka kumwona. Na wiki chache baadaye aitwe, yeye na baba wa mtoto, wakae na mtu wa hospitali, waambiwe kile ambacho ukaguzi ulipata, hata kama jibu ni "tulichelewa," hata kama ni "hatujui."

Hospitali itakayolazimika kusema "tulichelewa" mara kumi kwa mwezi, uso kwa uso, itatafuta mkunga wa pili. Kaunti itakayoona sentensi hiyo ikirudi kwenye kila jalada itanunua ambulensi. Hivyo ndivyo rambirambi inavyogeuka kuwa kinga.

Binamu yangu ana mimba tena, wiki ya 22. Kwenye kijitabu chake cha kliniki muuguzi ameandika idadi ya mimba na ya waliozaliwa, kwa zile nambari zao fupi. Mtoto wa kwanza yumo, kwa sababu alipita wiki ya 28. Chini yake kuna nafasi ya kueleza nini kilitokea. Hapo pameandikwa mwaka, na neno *fresh*. Kliniki ijayo anapanga kuuliza.